Mchora Chokaa

Walinipakia nyuma ya pikapu
pamoja na mifuko minne ya chokaa na kamba yangu ya katani.
Mbele, kamati: mwenyekiti Virdee na kilemba chake cha samawati,
Bi Nafula mweka hazina, beki wa zamani, goti lake hutabiri mvua,
na dereva, ambaye kura hana lakini maoni anayo.
Mechi ya kwanza ya magongo ya kulipwa, juu anga tupu,
watu watoe mia mbili waone.
Wapi? Na nani kwa nani?
Miezi saba wameulizana hayo
na kunywa chai mpaka birika likatoboka.

Nakuru kwanza.
Kiwanja kigumu kama chapati ya juzi.
Nikaviringisha mpira, ukaenda sawa, haukupepesuka,
kama mtoto aliyetumwa dukani na mamake yuko mlangoni anamtazama.
Kisha saa nane ikaja na upepo wa Menengai,
vumbi likatuvika joho moja sote,
na chokaa niliyoimwaga kujaribu
nikaiona ikivuka barabara, safari ya Njoro.
Virdee akaandika: "Pazuri. Ila hapaonekani."

Kisumu tuliingia usiku, tukakagua asubuhi.
Nyasi, ee bwana, nyasi za kulalia!
Lakini mbele ya goli mashimo,
manne, manne, tena manne,
mapana kama sufuria za harusi.
"Nani kachimba?"
Mlinzi, Rading'o, akacheka hadi akashika ukuta.
"Hao hawachimbi. Wanatoka ziwani saa saba za usiku,
wanakula, wanarudi.
Kamweleze kiboko kwamba kuna mechi,
mimi nitakushikia tochi."

Tukapanda, mawe ya Maragoli yakituchungulia,
hadi Kakamega.
Kiwanja kimeinama. Si sana,
kiasi cha chungwa kuondoka bila kuaga.
Anayeshambulia upande wa mto husaidiwa na Mungu;
anayeshambulia upande wa kanisa, ajabu, huachwa peke yake.

Na hapo walikuwa wanatungoja
timu sita, nafasi mbili.
Reli wanadai ukongwe.
Ziwa wana mfadhili mwenye kiwanda cha magodoro.
Shinyalu wamebeba kombe mara tatu
huku wakifyeka uwanja wao kwa panga.
Wengine watatu walikuja na kelele tu, na walizileta za kutosha.
Chebii wa Reli akamtaja babu yake.
Shikuku wa Shinyalu akalitaja panga.
Virdee akafungua daftari, akalifunga, akalifungua.

Ndipo goti la Nafula likamnong'oneza jambo.
"Magongo yote hapa chini. Sasa hivi.
Msinitazame. Hamkuwahi kuwa watoto?
Hamkucheza kwa matawi ya mpera?"
Yakalundikana, ishirini na mawili,
ya dukani na ya seremala, moja limefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Akajifunga leso machoni, akapiga goti zima chini,
lile bovu akalinyoosha pembeni,
akaanza kurusha: kushoto, kulia, kushoto.
Gongo la Reli likalala juu ya gongo la Ziwa.
Chebii na Shikuku wakajikuta upande mmoja,
wakitazamana kama mashemeji waliokutana hospitali.
Mtu wa magodoro akapiga simu, hakuna aliyepokea.

"Na kiwanja?" Virdee akauliza, kalamu hewani.
"Hiki. Goti langu halipandi pikapu tena leo."
Tone la kwanza likaanguka kwenye daftari,
juu ya neno "hapaonekani".

Mimi hakuna aliyeniuliza.
Nikashindilia kijiti, nikavuta kamba,
nikaanza nusu duara ya upande wa kanisa,
mvua ikinifuata nyuma, ikila chokaa hatua kwa hatua.
Kamba ilinyooka.
Mlima uliendelea kuinama.